Kioo cha Upande wa Dereva

Shaka iliyoninyima usingizi ilikuwa ndogo kiasi kwamba naona aibu kuiandika. Nililala kwa ubavu wa kushoto, sikio langu lililo zima likiwa limezama kwenye mto, nikasikia upepo. Nikajiuliza: upepo huu uko nje, au uko kichwani mwangu? Mtu mwingine angegeuka upande wa pili akalala. Mimi niliamka, nikafungua dirisha, nikatazama kanga ya jirani iliyosahaulika kwenye kamba ya nguo. Haikutikisika hata ncha. Nikajiambia pengine imeloa, ndiyo maana ni nzito. Kesho yake jirani alianua kanga yake, na mimi nikabaki na kamba tupu na upepo uleule.

Nimestaafu nikiwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Neno kustaafu ni la wenzangu wa karakana, si langu. Siku niliporudisha vifaa walinitengea kiti kivulini, wakaniita bibi, wakaniuliza kama nitafuga kuku wa mayai au wa nyama. Baada ya kucheka waliniomba niandike kidogo kwa ajili yenu mtakaopokea lile gari. Nimekubali, kwa sharti kwamba sitazungumzia vyeo. Sikupanda cheo chochote, kwa hiyo sharti lenyewe halikuniumiza.

Kazi yetu mnaijua au mtaijua. Mitambo inachoronga ardhi kwenye ukanda wa dhahabu, kuanzia huku Masumbwe hadi ndani zaidi kuelekea Geita. Unga wa mawe unaotoka kwenye mashimo unawekwa kwenye mifuko, na sisi tunaichukua mifuko hiyo kuipeleka maabara Shinyanga. Mtu akiniuliza kama nilisoma miaka mitatu chuo kikuu ili kubeba mifuko ya unga wa mawe, namjibu ndiyo, na kwamba kabla ya hapo nilikaa nyumbani kwa mama muda mrefu sana nikibeba cheti peke yake. Jirani zetu walikuwa na salamu yao kwangu: "Minza, bado tu?" Nilikuwa nimefikia hatua ya kupita nyuma ya nyumba ili nisisalimiwe. Nalitaja hili mapema ili mwelewe baadaye kwa nini jambo dogo lilinishinda kuamua.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa dereva mmoja mtu mzima aliyeitwa Baba Kulwa, mwenyeji wa Ushirombo, mrefu, mwenye mkono wa kulia mweusi kuliko wa kushoto kwa sababu ulikaa dirishani maisha yake yote. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba huku akinigeukia mwili mzima, kama mlango unaofunguka. Nilidhani ni adabu ya kizamani.

Kiti cha mbele kilikuwa kimebeba redio ya mawasiliano, hivyo nilikaa nyuma, upande wa kushoto. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Kilikuwa kinasubiri kipuri, na ninapoandika hapa bado kinasubiri. Asubuhi ilikuwa na baridi, vioo vyote vimefungwa. Tulipoipita Kahama jua likaanza kuuma nikashusha kioo changu, peke yake. Gari lilikuwa limeshika mwendo kwenye lami. Ghafla ukaanza mshindo: vup, vup, vup, vup, kama mtu anapiga ngoma kubwa kwa viganja, na ngoma yenyewe iko ndani ya kichwa chako. Masikio yalijaa na kuachia, yakajaa na kuachia. Kifua nacho kikatetema.

Nilipiga hesabu zangu zote. Tairi. Beringi. Tutapinduka. Mama ataambiwa nilifia kazini siku ya kwanza, na jirani watasema angalau alikuwa ameipata.

"Baba, simamisha gari! Tairi!"

"Lipi?"

"La nyuma! Huku kwangu! Hulisikii?"

Hakusimama. Alinitazama kwenye kioo cha ndani, akashusha kioo chake kiasi cha vidole viwili. Mshindo ukakatika palepale.

"Limepona?" akauliza.

Nilichungulia tairi nje ya dirisha.

"Mwanangu, umeupa upepo mlango wa kuingilia, hukuupa wa kutokea. Lazima ugombane na wewe."

Jioni, kwenye nyumba ya wageni Masumbwe, nilichukua chupa tupu ya soda nikapuliza juu ya mdomo wake mpaka ikalia. Nikaelewa. Hewa ikipita kasi juu ya tundu, ile iliyo ndani inavutwa nje na kusukumwa ndani, nje na ndani, na chombo chote kinalia. Gari ni chupa, kioo kimoja kilichoshushwa ni mdomo wake. Ukifungua tundu la pili, mlio unakosa nguvu. Asubuhi nilimweleza Baba Kulwa kwa dakika nyingi, nikitumia mikono yote miwili.

"Kwa hiyo sisi ni soda," alisema, akawasha gari.

Basi hilo ndilo somo la kwanza, na ni rahisi: usifungue kioo kimoja cha nyuma peke yake. Ningetamani masomo yote yangekuwa hivyo.

Somo la pili halimo katika mafunzo yoyote ya usalama. Kwenye vijiji vya ukanda huu, gari la kampuni halipiti na kioo cha dereva kimefungwa. Baba Kulwa alinieleza hivi: "Ukifunga kioo, watu wanajua mambo mawili. Ama umebeba dhahabu, ama umekuja kuwahamisha." Kwa hiyo ukikaribia nyumba za kwanza unatoa mkono nje, unasalimia mmoja mmoja. Mwangaluka huku, shikamoo kule. Yeye akishakishusha, hakukipandisha tena hata baina ya kijiji na kijiji. Alisema mkono umeshazoea na joto ni lilelile.

Sikumwamini kabisa mpaka aliponiachia usukani mara ya kwanza, akiwa na homa amelala kiti cha nyuma. Vumbi lilikuwa jingi nikafunga vioo vyote. Tulipopita karibu na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, pikipiki mbili zikaanza kutufuata, kisha nne. Nikaongeza mwendo, nazo zikaongeza. Baba Kulwa akaamka kwa kurushwarushwa.

"Shusha kioo," alisema.

"Baba, wanatufuata!"

"Ndiyo maana nasema shusha."

Nikashusha, nikasimama. Kijana mmoja aliyepakwa tope mpaka kwenye nyusi akachungulia ndani. "Dada, mbona mnakimbia? Mmebeba nini?"

"Mawe tu," nikasema.

"Mawe yote huku ni mawe tu mpaka yapimwe," akajibu, na wenzake wakaangua kicheko. Kisha akamwona Baba Kulwa. "Aa, ni mzee! Mzee, kumbe umeajiri mtu wa kukukimbiza?"

Walitusindikiza mpaka barabara kuu kwa honi na kelele. Tangu siku hiyo sikufunga tena kioo cha upande wa dereva. Ninyi mkifika mtaambiwa mkifunge kwa sababu ya vumbi. Anayewaambia hivyo hajawahi kupita kwenye maduara.

Naomba mwone jinsi jambo lilivyopangika. Kwenye mtambo tulivaa vizibo vya masikio, na juu yake vile vikombe vikubwa. Kulikuwa na bango lenye picha ya sikio, na msimamizi aliyekukemea ukivua. Tulikuwa watiifu sana. Kisha tulivua, tukavitundika kwenye msumari, tukapanda gari, tukashusha kioo, tukaendesha nusu siku upepo wa lami ukichapa sikio la kulia. Hakuna aliyeliita hilo kelele. Kelele ilikuwa kule kwenye bango.

Mimi, ninayefikiria kila kitu mara saba, hilo sikulifikiria.

Kila mwaka tulipimwa afya, na sehemu ya kipimo ni usikivu. Unaingia kwenye chumba kidogo kama kabati, unavaa hedifoni, mlango unafungwa. Mbele yako kuna kioo, na upande wa pili muuguzi amekaa na mashine yake. Ukisikia mlio, hata mwembamba kama wa mbu, unabonyeza kitufe. Mwaka wangu wa kwanza nilisikia yote, nikatoka nikijivuna. Baba Kulwa alikuwa anakula wali maharage kwenye kibanda cha mama lishe nje ya zahanati.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, baba. Na wewe?"

"Mimi hufaulu kila mwaka." Akatafuna taratibu. "Unaangalia bega."

"Bega la nani?"

"La muuguzi. Mkono wake huuoni, umefichwa na meza. Lakini akigusa mashine, bega la kulia linapanda kidogo. Hesabu moja, bonyeza. Usibonyeze yote, ukibonyeza yote watakushtukia. Ile ya mwisho mwisho iache ikupite, uonekane mtu mzima."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Madereva wote wa umri wake waliijua mbinu hiyo, wakirithishana kama mnavyorithishana spana. Nilidhani ni mzaha wa wazee. Njia nzima ya kurudi niliongea naye nikiwa kiti cha kushoto, akanijibu kila neno. Sikujiuliza kwa nini mtu akimwita kutoka kulia alikuwa hageuki.

Alipostaafu, kwa umri halali, alinikabidhi ufunguo wa gari akanishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja, mwanangu. Usalimie watu." Nikawa dereva na mbeba mifuko kwa pamoja. Kampuni iliita hilo kuniongezea majukumu.

Sasa yale yaliyofuata sikuyaona yakija, kwa sababu hayakuja kwa mkupuo. Nilianza kuhamishia simu sikio la kushoto. Nikajiambia ni kwa sababu mkono wa kulia una usukani, ingawa niliihamisha hata nikiwa kitandani. Nikaanza kukaa upande wa kulia wa kila meza. Mama akiniita kutoka jikoni nilimjibu "nakuja" bila kujua amesema nini, akawa ananitazama. Siku moja aliniambia, "Minza, siku hizi unanijibu kama mtu anayejibu redio." Kisha ukaja ule upepo. Haukuwa mkali. Ulikuwa upepo wa gari kwenye lami tambarare, kioo kikiwa chini, hakuna mtu wa kusalimia. Ulivuma nilipokuwa nimesimama na nilipokuwa nimelala.

Nilijaribu. Nilifungua kioo cha nyuma upande wa pili kupunguza mshindo, na mshindo ulipungua, lakini upepo haukupungua. Nilipunguza mwendo, maabara wakalalamika mifuko inachelewa. Niliziba sikio la kulia kwa pamba, nikapita kijiji kizima bila kusikia salamu. Kesho yake mzee mmoja akanisimamisha kuniuliza wamenikosea nini. Nikaenda karakana kuulizia kiyoyozi, wakaniambia nisubiri. Nilikuwa nasubiri kwa sikio moja.

Kisha ikaja siku ile ya Masumbwe. Nilikuwa nakata kulia kuingia kituo cha mafuta. Nilitazama kioo cha pembeni, nikaona barabara nyeupe kwa jua, nikasikia upepo, nikakata. Mhudumu wa pampu alirusha mikono yote miwili juu. Ndipo nikakanyaga breki. Bodaboda ilipita mbele ya boneti, ikayumba, ikaenda kusimama kwenye rundo la mchanga. Nyuma yake kulikuwa na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Mtoto hakulia. Alinitazama tu.

Dereva wa boda alinijia akiwa ameshika kofia yake ngumu. "Honi nimepiga tangu kule! Tangu kule! Dada, hayo masikio umevaa kama hereni?"

Watu wakacheka, kwa sababu hakuna aliyeumia. Nikaomba radhi. Mama yule akasema, "Mungu ametuona, twende," akapanda tena. Nilikaa kwenye gari nikijaribu kuikumbuka ile honi. Nilitafuta kichwani mwangu kote. Haikuwepo.

Wiki iliyofuata nilikuwa na kipimo cha afya. Jumapili nilipanda basi kwenda Ushirombo.

Baba Kulwa alikuwa ametoka misa. Mkewe, Mama Kulwa, alinipokea, akaniweka kwenye kigoda upande wa kushoto wa mumewe bila kuniuliza, kama mtu anayepanga vyombo mahali pake. Yeye mwenyewe alisimama mbele yake kila alipozungumza, na alizungumza kwa uso mzima. Wajukuu walikuwa wanacheza nyuma ya kiti chake. Mmoja alimwita babu, babu, babu, akachoka, akaenda kumvuta shati.

Nilimweleza kuhusu sikio, kuhusu honi, kuhusu mtoto aliyenitazama. Alisikiliza akitazama midomo yangu.

"Wewe ni wa bega, basi," alisema.

"Baba, siwezi."

"Unaweza. Muuguzi ni yuleyule, bega lake halijabadilika. Unataka urudi kwenu kuulizwa bado tu?" Alikuwa amekumbuka hata hilo. "Mimi nimepita miaka yote hiyo. Sikumgonga mtu."

"Wewe ulikuwa unanigeukia mwili mzima."

"Nawe geuka."

Mama Kulwa aliweka sahani ya viazi na maziwa ya mgando. Kisha akasimama mbele ya mumewe. "Mwambie mtoto na yale mengine," alisema.

"Yapi?"

"Ya usiku. Mwambie."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa pembeni kana kwamba dirisha bado lipo. Nilidhani hakusikia. "Gari nimeliacha," alisema mwishowe. "Upepo haujaniacha. Nikiwa kanisani kwaya inaimba, mimi niko barabarani. Huyu mama akinisemesha gizani simsikii, mpaka awashe taa nimwone mdomo. Nilidhani nikistaafu nitapandisha kioo." Akanitazama. "Hakipandi, mwanangu."

Kisha, kwa sababu alinipenda na hakuwa na kitu kingine cha kunipa, akarudia: "Lakini kazi ni kazi. Angalia bega."

Kwenye basi la kurudi nilikaa dirishani, nikafunga kioo, joto likanipika, na abiria wa nyuma yangu akalalamika kwa maneno ambayo sikuyasikia. Nilipima pande zote. Nikibonyeza kwa bega, nitaendelea kuendesha mpaka siku ambayo hapatakuwa na mhudumu wa kurusha mikono. Nisipobonyeza, nitarudi kupita nyuma ya nyumba. Nikibonyeza mwaka mmoja tu, halafu nitafute kazi nyingine. Lakini kazi gani, na nani anamchukua mtu anayejibu kama anajibu redio? Nikipunguza mwendo. Nikiomba nihamishiwe ofisini. Niliomba hilo kesho yake. Ofisini palikuwa pamejaa. Kila njia niliyoifuata ilinirudisha kwa yule mtoto mgongoni mwa mama yake, na kila nilipomfikia niligeuka nikaanza upya.

Siku ya kipimo niliingia kwenye kile chumba nikiwa bado sijaamua. Muuguzi alinivalisha hedifoni, akafunga mlango, akaenda kukaa. Kioo kilikuwa kisafi. Bega lake la kulia lilionekana lote, na sare yake ilikuwa na mkunjo kwenye mshono ambao ungenisaidia zaidi. Baba Kulwa alikuwa sahihi. Mtoto wa shule angefaulu.

Niliinuka nusu, nikageuza kiti, nikakaa nikiutazama ukuta.

Muuguzi aligonga kioo. Nilimwonyesha kwa mkono kwamba niko sawa, aendelee. Ukuta ulikuwa wa yale magodoro ya kunyonya sauti, ya kijivu, na nilifumba macho hata mbele ya huo.

Sikio la kushoto lilianza. Milio ilikuja mmoja mmoja, mizito, kisha myembamba, kisha kama mbu, nami nikabonyeza. Nilifurahi kama mwaka wa kwanza. Kisha upande wa kulia. Ulikuja mlio mzito, nikabonyeza. Mwingine, nikabonyeza. Halafu muuguzi akasita. Nilidhani anarekebisha mashine yake. Niliwaza pengine ameitwa na mtu, pengine anaandika, pengine ameudhika kwa kuwa nimempa mgongo. Nilikaa na kidole juu ya kitufe, upepo ukivuma, nikimsubiri aendelee.

Mkono ukanigusa begani. Mlango ulikuwa wazi na yeye alikuwa amesimama karibu yangu, sijui tangu lini. Nilivua hedifoni nikamgeukia mwili mzima.

"Dada, nimemaliza," alisema.

"La kulia bado."

Alitazama chini. "Nimemaliza zamani. Nimerudia mara mbili." Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, kama ningependa kujaribu tena nikiwa nimemtazama, kama wafanyavyo madereva wengine.

Nikamwambia hapana, aandike alichokiona. Nikauchukua ufunguo wa gari mfukoni, nikauweka juu ya mashine yake, nikatoka kwenda kituoni kupanda basi la kwenda kwa mama.